John Everett Dutton: munganga aliyefia Kasongo akifuata ugonjwa wa usingizi

Tarehe 27 mwezi wa pili mwaka wa 1905, munganga mmoja Muingereza alikata roho huko Kasongo, mahali ambapo leo ni jimbo la Maniema. Jina lake ni John Everett Dutton. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Miaka mitatu mbele ya hapo, ndiye aliyetambua ndani ya damu ya mtu kijidudu kinacholeta ugonjwa wa usingizi, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita malale. Lakini si usingizi uliomuua. Aliuawa na homa ya kimputu, ugonjwa mwingine aliokuwa anauchunguza katika safari ile ile.

Jina lake bado linaishi katika vitabu vya tiba duniani kote. Huku mashariki ya Congo, ambako alizikwa, wachache wanamjua. Hata hivyo swali alilolifuata toka Gambia hadi Kasongo ni swali letu hata leo: mtu anapobadilika akili, tutajuaje kwamba ubongo wake umeshikwa na ugonjwa, na tutajua mapema namna gani, mbele ya kuchelewa?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Kuanzia Kingi na vilima vingine vya Masisi hadi misitu ya Walikale, mtu mzima akianza kusinzia mchana, kukesha usiku, kutukana watu wa nyumba yake au kusahau njia ya shamba, hawatakosekana watakaosema kwamba amerogwa. Wengine watasema ni vita vilivyomharibu kichwa. Inawezekana kweli ni machungu ya vita. Lakini inawezekana pia ni ugonjwa unaoonekana kwa vipimo, na wenye dawa.

Kijana wa Cheshire

Dutton alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tisa mwaka wa 1874 katika eneo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Alisoma katika shule ya King's School mjini Chester, kisha akaenda Liverpool kusomea uganga. Alimaliza mwaka wa 1897 na kufanya kazi katika hospitali kubwa ya mji huo.

Liverpool ilikuwa bandari iliyoishi kwa biashara na Afrika Magharibi. Meli zilileta mawese na bidhaa zingine, na zilileta pia mabaharia na wafanyabiashara wenye homa zisizojulikana. Mwaka wa 1898, tajiri wa meli Alfred Jones alitoa pesa ili kuanzisha shule ya uganga wa nchi za joto. Jones huyo huyo alikuwa na masilahi makubwa katika Dola Huru la Congo, lililokuwa mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Meli zake zilisafiri kati ya Antwerp na Congo, naye alikuwa konsuli wa dola hilo mjini Liverpool. Msomaji aweke jambo hilo akilini, kwa maana linasaidia kuelewa yaliyofuata.

Dutton alijiunga na shule hiyo ikiwa bado changa. Mwaka wa 1900 alikwenda Nijeria ya kusini pamoja na waganga wenzake wawili, kuchunguza malaria na minyoo ya filaria. Aliporudi alipewa nafasi ya utafiti yenye jina la Walter Myers. Myers alikuwa munganga kijana wa shule hiyo hiyo, aliyekufa Brazili mwanzoni mwa mwaka wa 1901 kwa homa ya manjano aliyokwenda kuichunguza. Hivyo Dutton alijua vizuri kazi hiyo inaweza kumfikisha mtu wapi.

Damu ya nahodha

Mwaka wa 1901 alitumwa peke yake Gambia kutazama namna ya kupunguza malaria. Huko alikuta jambo ambalo halikuwa katika maagizo ya safari yake.

Katika mji wa Bathurst, ambao leo unaitwa Banjul, munganga Robert Michael Forde alikuwa anamtunza mzungu mmoja, nahodha wa meli ya mtoni. Mgonjwa huyo alikuwa na homa inayokwenda na kurudi, uso umevimba kidogo, mwili umekosa nguvu. Kinini, dawa ya malaria ya wakati ule, haikumsaidia. Forde alitazama damu yake kwa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, akaona vitu kama minyoo midogo vinavyocheza-cheza kati ya chembe za damu. Hakujua ni nini.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1901, Dutton alitazama damu hiyo na kutambua kwamba ni tripanosoma. Kijidudu cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa wanyama, kwa sababu munganga David Bruce alikuwa amekionyesha katika ng'ombe waliokuwa wakifa kusini mwa Afrika kwa ugonjwa wa nagana, ugonjwa unaoletwa na nzi wa tse-tse. Lakini kwa mwanadamu, hakuna aliyekuwa amekitambua waziwazi. Mwaka wa 1902 Dutton alikipa jina: Trypanosoma gambiense, yaani tripanosoma ya Gambia.

Alirudi tena Afrika Magharibi pamoja na John Lancelot Todd, munganga kutoka Canada aliyekuwa mdogo wake kwa miaka miwili. Walipima damu ya watu zaidi ya 1,000 huko Gambia. Waliokutwa na kijidudu walikuwa wachache sana, na wengi kati ya hao hawakuonekana wagonjwa. Walitembea, walilima, walicheka kama wengine. Ndiyo sababu Dutton hakufikiria bado kwamba kijidudu hicho kina uhusiano na ule ugonjwa wa usingizi uliokuwa unamaliza vijiji vizima mahali pengine.

Maji ya uti wa mgongo

Wakati huo huo, kando ya ziwa Viktoria, Uganda ilikuwa inalia. Ugonjwa wa usingizi uliingia Busoga na visiwa vya ziwa karibu na mwaka wa 1900, na ndani ya miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000. Uingereza ilituma waganga watatu mwaka wa 1902: George Carmichael Low, Aldo Castellani wa Italia, na Cuthbert Christy.

Castellani alifanya kazi Entebbe. Aliingiza sindano kati ya mifupa ya chini ya mgongo wa wagonjwa na kutoa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kisha aliyazungusha kwa mashine ya mkono mpaka vitu vizito vikashuka chini, na kutazama kile kilichobaki chini ya chupa. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1902 aliona tripanosoma ndani ya maji hayo. Mwaka uliofuata, Bruce alifika Entebbe na kazi ikaendelea mpaka ikaonekana kwamba nzi wa tse-tse ndiye anayebeba kijidudu toka mtu mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo swali kubwa lilipozaliwa. Je, homa ya nahodha wa Gambia na usingizi wa wavuvi wa Uganda ni magonjwa mawili, au ni ugonjwa mmoja wenye hatua mbili? Kama ni magonjwa mawili, mtu mwenye kijidudu ndani ya damu anaweza kutulia. Kama ni ugonjwa mmoja, basi yule anayelima na kucheka leo anabeba kifo chake, na siku zake zinahesabiwa.

Leo tunajua jibu. Ni ugonjwa mmoja. Nzi anapouma, kijidudu kinaingia mwilini na kuishi kwanza ndani ya damu na ndani ya tezi. Hatua hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka. Mgonjwa anapata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, kujikuna, tezi kuvimba. Baadaye kijidudu kinavuka na kuingia ndani ya ubongo. Hapo usingizi unageuka, usiku unakuwa mchana na mchana unakuwa usiku. Tabia inabadilika, ulimi unakuwa mzito, miguu inayumba. Mgonjwa asipotibiwa, mara nyingi anaishia kulala moja kwa moja na kufa.

Safari ya Congo

Katika mwaka wa 1903, mfalme Leopold alikubali shule ya Liverpool itume waganga katika Dola Huru la Congo. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unapanda na mto, vijiji vilikuwa vinabaki tupu, na bila watu hakuna mpira wa msituni wala wabeba mizigo. Wakati huo huo dunia ilikuwa inaanza kusikia habari za mikono iliyokatwa na kazi za kulazimishwa chini ya utawala ambao wazee wetu waliuita Bula Matari. Kuwaalika waganga kulimpa mfalme nafasi ya kuonekana mtu mwema.

Waliotumwa ni Dutton, Todd na Christy, yule yule aliyekuwa Uganda. Walitoka Liverpool mwezi wa tisa mwaka wa 1903. Walifanya kazi kwanza Congo ya chini, kisha walikaa miezi mingi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Walipima damu, walitoa maji ya mgongo, na pale mgonjwa alipofariki walifungua mwili kutazama ndani. Mwaka wa 1904 Christy alirudi Ulaya. Dutton na Todd walipanda mto wakiwa wawili mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo.

Kazi yao ilisaidia kuthibitisha kwamba kijidudu cha Gambia na kile cha ugonjwa wa usingizi ni kimoja. Kile ambacho Dutton alikuwa amekiona katika damu ya nahodha aliyetembea kwa miguu yake, sasa alikikuta kwa watu waliobebwa kwa machela, ndani ya maji ya uti wa mgongo.

Njiani walieleza pia mdudu mwingine ambaye wazee waliolala chini juu ya mkeka wanamkumbuka: funza wa sakafu, anayetoka usiku ndani ya udongo wa nyumba na kunyonya damu ya mtu anayelala. Waligundua kwamba ni mtoto wa nzi fulani, wakaandika habari zake mwaka wa 1904.

Kugusa shingo

Jambo lililomsumbua Dutton lilikuwa la kila siku. Kama mtu mmoja kati ya mia ana kijidudu na haonekani mgonjwa, utamkamata namna gani? Kupima damu ya kila mtu kwa hadubini kulichukua saa nyingi, na mara nyingi kijidudu hakikuonekana kwa siku ile hata kama kipo. Kutoa maji ya mgongo kulikuwa kazi ngumu zaidi, yenye maumivu na hatari.

Jibu lilikuwa shingoni. Tangu mwaka wa 1803, munganga Thomas Winterbottom aliyefanya kazi Sierra Leone alikuwa ameandika kwamba watu wanaokwenda kushikwa na ugonjwa wa usingizi huwa na tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Wafanyabiashara ya watumwa walijua alama hiyo. Walipapasa shingo ya mtu mbele ya kumnunua, na yule mwenye tezi walimuacha. Maarifa yaliyotumika kupanga bei ya mtu, sasa yaligeuka kuwa maarifa ya kumpima mgonjwa.

Katika Uganda, waganga Greig na Gray walionyesha mwaka wa 1904 kwamba ukichoma tezi hiyo kwa sindano na kutoa maji kidogo, unakiona kijidudu mapema kuliko ndani ya damu. Dutton na Todd walichukua njia hiyo na kuijaribu kijiji kwa kijiji. Walipapasa shingo za watu wengi, wakachoma tezi zilizovimba, na kuhesabu. Waliona kwamba vidole vya mtu aliyefundishwa vinaweza kuchuja kijiji kizima kwa muda mfupi. Maandishi yao juu ya kupapasa tezi yalitoka mwaka wa 1906, yakiwa na majina yao wawili, ingawa Dutton alikuwa amekwisha kuzikwa.

Watu wenyewe, wale waliotoa shingo zao, damu yao na migongo yao, hatujui majina yao. Wengi hawakuulizwa kama wanakubali. Nchi ilikuwa ya mtutu, na mzungu alipofika kijijini na askari, hakuna aliyemkatalia. Heshima ya ugunduzi huo ni yao pia.

Kimputu

Kule Stanleyville, mwishoni mwa mwaka wa 1904, waganga hao wawili walikuta homa nyingine. Wakaaji waliijua siku nyingi. Walisema inaletwa na kimputu, yule kupe laini anayejificha ndani ya nyufa za nyumba za udongo na katika vumbi la mahali pa kulala, anayeitwa papasi upande wa Tanzania. Mtu anaumwa usiku, na baada ya siku chache anashikwa na homa kali. Homa inakwenda, mtu anafikiri amepona, kisha inarudi tena na tena.

Wazungu wengi hawakuamini maneno hayo ya wakaaji. Dutton na Todd waliyapima. Waliona ndani ya damu ya wagonjwa kijidudu chembamba kilichojipinda kama skrubu. Waliwaacha vimputu waume nyani, na nyani wakashikwa na homa ile ile. Walionyesha pia kwamba hata vimputu wachanga, waliotoka katika mayai ya kimputu mwenye ugonjwa, wanaweza kuambukiza. Mwaka huo huo, munganga Philip Ross na mwenzake Milne walikuwa wameona kijidudu hicho Uganda. Robert Koch wa Ujerumani naye alifikia matokeo ya namna hiyo mwaka wa 1905 katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo, wazee wa kijiji walikuwa wamesema ukweli mbele ya wote.

Kazi hiyo ilikuwa na bei. Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa hiyo. Todd alipona. Waliendelea kupanda Lualaba mpaka Kasongo.

Kasongo ilikuwa mji wenye historia nzito. Ulikuwa kituo kikubwa cha Waswahili na Waarabu wakati wa Tippu Tip, na ni moja kati ya milango ambayo Kiswahili kilipitia kuingia Congo. Majeshi ya Leopold yaliuteka mwaka wa 1893. Miaka 12 baadaye, ndipo Dutton alipokatikia huko, mbali na nyumbani, Todd akiwa pamoja naye. Alizikwa huko Kasongo.

Mwaka wa 1906 wataalamu wa Marekani waliita kijidudu cha homa ya kimputu kwa jina lake. Mpaka leo kinaitwa Borrelia duttonii. Homa hiyo bado inapatikana katika maeneo ya Afrika ya Kati na Mashariki, na mara nyingi watu wanaichanganya na malaria. Inatibika kwa antibiotiki za kawaida, lakini inapoachwa inaweza kugusa mishipa ya fahamu na kuharibu upande mmoja wa uso, na kwa mama mwenye mimba inaweza kuua mtoto.

Yaliyofuata

Todd alirudi Ulaya na mapendekezo mkononi: kuweka vituo njiani, kupapasa shingo ya kila anayepita, kuwazuia wenye tezi wasiende katika maeneo yasiyo na ugonjwa, na kuwatenga wagonjwa. Dola Huru, na baada ya mwaka wa 1908 koloni la Ubelgiji, zilifuata njia hiyo. Wagonjwa walikusanywa katika kambi zilizoitwa lazareti. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilijaribiwa Liverpool kwa wanyama mwaka wa 1905. Ilikuwa na arseniki, na baadhi ya waliotibiwa nayo walipofuka. Kwa watu wengi, kupapaswa shingo kulikuwa kama kusomewa hukumu. Walikimbilia msituni walipowaona waganga, na ugonjwa ukasafiri nao.

Hilo ni fundisho ambalo Dutton hakuishi kuliona. Kipimo kizuri bila dawa nzuri, na bila heshima kwa mtu, kinaleta woga. Na woga unaficha ugonjwa.

Dawa ziliboreka polepole. Mwaka wa 1920 mwanamke munganga kutoka Marekani, Louise Pearce, alikuja Léopoldville kujaribu tryparsamide, dawa iliyoweza kufika ndani ya ubongo. Mwaka wa 1949 ilikuja melarsoprol, iliyookoa wengi lakini yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 kati ya 100. Kwa miaka mingi ndiyo sababu kila mgonjwa alilazimika kuchomwa mgongo: ilibidi kujua kwanza kama ubongo umeguswa, ili asipewe dawa kali bure.

Leo mambo yamegeuka. Kipimo cha damu juu ya kadi kinatumika na timu zinazotembea vijijini, tezi za shingo bado zinapapaswa kama wakati wa Dutton, na kijidudu kinatafutwa kwa hadubini. Tangu mwisho wa mwaka wa 2018, vidonge vya fexinidazole vinavyomezwa siku 10 vimekubaliwa kutumika, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika hapa Congo. Dawa hiyo inatibu hatua zote mbili, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kuchomwa mgongo, isipokuwa pale dalili zinapoonyesha kwamba ubongo umeharibika sana. Mwaka wa 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliandikwa katika Afrika. Mwaka wa 2018 walikuwa chini ya 1,000, na wengi wao walikuwa Wacongomani.

Magonjwa ya ubongo yasiyo na kijidudu

Ili kuelewa thamani ya kazi ya Dutton, tulinganishe na magonjwa mengine ya ubongo ambayo sayansi bado haijayashinda: magonjwa ya prioni.

Prioni si kijidudu. Ni protini, kitu cha kawaida ndani ya mwili wetu, iliyokunjwa vibaya. Inapogusa protini nzuri, inaifanya ijikunje vibaya vilevile, na polepole ubongo unajaa matundu kama sponji. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ulioelezwa Ujerumani miaka ya 1920 na 1921, ndio unaojulikana zaidi. Kuru uliua watu wa kabila la Fore huko Papua New Guinea. Ugonjwa wa ng'ombe wazimu ulianza kuonekana Uingereza mwaka wa 1986, na mwaka wa 1996 ikatangazwa kwamba umefika kwa watu. Mmarekani Stanley Prusiner ndiye aliyetoa jina la prioni mwaka wa 1982, akapata tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Wafugaji wa Masisi waelewe vizuri: ugonjwa huo wa ng'ombe ulienezwa hasa na chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa mabaki ya ng'ombe wengine. Ng'ombe wanaokula majani ya mlimani si hadithi moja na wale wa viwanda vya Ulaya.

Creutzfeldt-Jakob unashika mtu mmoja au wawili kati ya milioni moja kwa mwaka. Kumbukumbu inaharibika kwa wiki na miezi, si kwa miaka. Mwili unashtuka-shtuka, mwendo unayumba, na wengi wanafariki ndani ya mwaka mmoja. Waganga wanapima umeme wa ubongo, wanapiga picha za ubongo kwa mashine ya IRM, na wanatoa maji ya uti wa mgongo, kama Castellani alivyofanya Entebbe. Ndani ya maji hayo wanatafuta alama za protini mbaya. Uhakika kamili unapatikana tu kwa kutazama ubongo wenyewe, mara nyingi baada ya kifo. Na baada ya vipimo hivyo vyote, hakuna dawa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ugonjwa wa prioni, hata ukitambuliwa, hauzuiliki kwa dawa yoyote ya leo. Ugonjwa wa usingizi una mlango, na mlango huo unabaki wazi kwa miezi mingi. Ndiyo sababu munganga mwenye mgonjwa aliyebadilika akili anatafuta kwanza magonjwa yanayotibika: malaria ya kichwa, meninjiti, kaswende, ukimwi, kifua kikuu cha ubongo, na ugonjwa wa usingizi kwa aliyeishi penye nzi wa tse-tse. Prioni inafikiriwa mwisho.

Kinachobaki

Kwa familia, fundisho ni la kawaida. Mgonjwa anapopelekwa kwenye kituo cha afya, wanaomsindikiza waeleze alikoishi na alikopita miaka ya nyuma: msituni, kando ya mito, katika machimbo, Maniema, Tshopo au Tanganyika. Vita vimehamisha watu wengi, na kijidudu kinaweza kulala mwilini muda mrefu, mgonjwa akiwa amekwisha kuhamia mahali pasipo na nzi hata mmoja. Muuguzi wa mlimani asipoambiwa, hatafikiria kupapasa shingo. Waeleze pia usingizi ulianza kugeuka lini, na tabia ilibadilika namna gani. Maneno hayo ni kipimo cha kwanza, na hayana bei.

Dutton hakuponya mgonjwa hata mmoja wa usingizi. Wakati wake hapakuwa na dawa. Alichoacha ni kitu kingine: uthibitisho kwamba ugonjwa unaomlaza mtu leo ulianza zamani ndani ya damu na shingo yake, wakati alipokuwa bado anacheka, na kwamba wakati huo ndio wa kumkamata. Watu wengi waliotibiwa Congo katika miaka hii ya karibuni walipatikana kwa sababu kuna mtu aliyewatafuta mapema.